Vasi za kioo, upepo wa kusi na vyungu vya Matema: kisa cha sendofu moja ya Mbezi Beach

Vasi ya kwanza ilianguka saa kumi na robo jioni, na hakuna aliyeigusa.

Ilikuwa siku ya majaribio tu, siku 16 kabla ya sendofu yenyewe, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, kwenye bustani ya kukodi iliyo ufukweni Mbezi Beach, Dar es Salaam. Mwezi ulikuwa Julai. Tulitandika meza mbili za duara kwa vitambaa vyeupe vya satini, na katikati ya kila meza tukasimamisha vasi ya kioo yenye urefu wa sentimeta 80: mdomo mpana, kiuno chembamba, kitako cha sentimeta 16. Juu yake kulikuwa na fungu la mawaridi meupe na ya pinki, mviringo kama mwavuli. Kusi likavuma, kitambaa cha meza kikajaa upepo kama tanga la ngalawa, vasi ikaondoka nacho. Ikavunjikia kwenye kiti ambacho mama wa binti alikuwa amekikalia muda mfupi uliopita.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kirefu kwa sababu karibu kila swali ninaloulizwa kuhusu vyombo vya maua limo ndani yake. Watu wengi huanza na ua: nataka waridi, nataka yungiyungi, halafu wanatafuta cha kulitia. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba chombo ndicho cha kuchagua kwanza, na kwamba hata hicho hatukichagui peke yetu. Meza inachagua, upepo unachagua, na macho ya watu waliokaa yanachagua.

Mama wa binti alinijia na picha kwenye simu yake. Ukumbi wenye mataa ya kuning'inia, meza za duara, na kila meza na vasi yake ya kioo yenye umbo la tarumbeta.

"Mwanangu," aliniambia, "binti ninaye mmoja tu. Nataka watu wakiingia waone maua kwanza."

"Nimekuelewa, mama."

Nilimwelewa kweli. Sendofu ni siku ya upande wa binti. Ndipo wazazi wanapomuaga mbele ya ndugu, majirani na watu wa kazini, na kamati inakuwa imechangishana miezi kadhaa kwa ajili ya usiku huo mmoja. Wageni walikuwa 240, meza 24 za watu kumi kumi, na meza kuu mbele. Tukajaribu vasi moja stoo kwangu, ikapendeza, akaridhika, nikaandika oda. Lakini stoo haina upepo, sakafu yake ni ya saruji iliyonyooka, na hakuna anayekaa ng'ambo ya meza akataka kuongea na mwenzake. Nilikubali kazi kabla sijakanyaga bustani ile. Hilo ndilo kosa la kwanza katika kisa hiki, na ni langu.

Turudi kwenye vasi iliyoanguka, maana ukielewa kwa nini ilianguka umeelewa nusu ya jambo lote.

Vasi ya tarumbeta haibebi kitu chini. Maua hukaa kwenye bakuli dogo linalopachikwa mdomoni, yakiwa yamechomekwa kwenye sponji ya kijani ambayo wapambaji wengi huiita oasisi. Tofali moja la sponji hiyo likishiba maji linabeba karibu lita 2, yaani karibu kilo 2. Ongeza mashina 40 ya mawaridi na majani ya kujazia. Mzigo wote huo uko sentimeta 80 juu ya meza, na chini yake ni kioo kitupu. Iguse shingoni kwa kidole kimoja utaisikia inavyotafuta njia ya kwenda. Ndani ya ukumbi inasimama salama usiku kucha. Nje, na kitambaa cha satini kinachoteleza chini yake, haina pa kujishikiza.

Silinda ya kioo ni habari nyingine kabisa. Silinda yenye upana wa sentimeta 10 na kimo cha sentimeta 60, ukiijaza, inabeba zaidi ya lita 4 na nusu, na uzito huo umekaa chini mpaka mezani. Haianguki kirahisi. Mama aliniuliza hapohapo kama hatuwezi kubadilisha tarumbeta kwa silinda, na kwa dakika chache nilidhani tumepata jibu. Kisha nikafungua bomba la bustani nikaonja maji. Yalikuwa ya kisima, na yalikuwa na chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya Dar es Salaam. Kioo kisichoficha kitu kinahitaji maji yasiyo na cha kuficha. Maji ya chumvi yakikauka kwenye kioo huacha ukoko mweupe ambao kitambaa hakiutoi, na waridi lililonywa maji hayo halidumu. Silinda 24 zingetaka zaidi ya lita 110 za maji safi, karibu ndoo sita za lita 20, ziletwe kwa gari na zimiminwe moja moja bila kudondosha kwenye satini. Na mkanda mrefu wa shina unaoonekana ndani ya maji lazima uvuliwe majani yote, kwa sababu jani likizama linaoza, na katika joto letu maji ya asubuhi yanaweza kuwa na ukungu kabla ya jioni.

(Kwa wenye vasi za kioo zenye shingo nyembamba ambazo mkono haupiti: tia kiganja kimoja cha mchele mbichi, siki kidogo na maji ya vuguvugu, ziba mdomo, tikisa kwa dakika mbili. Mchele unasugua mahali ambapo brashi haifiki, na siki inalegeza ukoko wa chumvi.)

Baada ya kuokota vioo nilimwomba mama akae kwenye meza iliyobaki, mimi nikakaa ng'ambo. Meza hizi zina kimo cha kama sentimeta 75, na macho ya mtu mzima aliyekaa yako sentimeta 40 hadi 45 juu ya meza. Kinadharia tarumbeta haizibi mtu: kiuno chembamba kinapita mbele ya uso, maua yako juu ya vichwa. Lakini picha ile ilitaka maua yanayoshuka pembeni kama mashungi, na mashungi yalikuwa yamefika usawa wa kidevu. Nilimwona mama kuanzia kidevu kwenda chini. Naye alikuwa akiinama kushoto na kulia kunitafuta. Akacheka kidogo, akanyamaza, halafu akasema, "Hapa shangazi zake wataongea vipi?" Tangu dakika ile hatukubishana tena.

Kipimo ninachokitumia ni mkono wenyewe. Weka kiwiko mezani, simamisha mkono, kunja ngumi. Maua ya katikati ya meza ya kulia chakula yasiipite ngumi. Yakitaka kuipita, basi yaanzie juu kabisa, sentimeta 60 na zaidi kutoka mezani, na yasishuke. Kati ya hapo ni eneo la nyuso za watu, tuwaachie.

Upana nao una hesabu yake. Meza ya watu kumi ina kipenyo cha kama mita 1.8. Sahani na mikono ya kila mgeni inachukua sentimeta 40 kutoka ukingoni, kwa hiyo katikati panabaki duara la mita moja. Linaonekana kubwa mpaka uzijaze chupa za soda, bia na maji, glasi, tishu, sahani ya vitafunwa na namba ya meza. Chombo cha katikati kikizidi sentimeta 30, mgeni atakisogeza mwenyewe, na atakisogeza huku ameshika glasi kwa mkono wa pili.

Nikaondoka bustanini na masharti manne kwenye daftari: kizito chini, kifupi kuliko ngumi, chembamba kuliko sentimeta 30, na kisionyeshe maji. Bado hatukuwa tumetaja ua lolote.

Wazo langu la kwanza lilikuwa ndoo ndogo za bati, zinazopendwa sana siku hizi kwa sherehe za bustani. Nikapata moja kwa fundi bati wa Gerezani, nikaijaza maji, nikatia dawa ya maua, nikapanga mawaridi 15, nikaiacha stoo. Siku ya pili maji yalikuwa na ukungu, ndani ya ndoo kumefanya mabaka meupe, na vichwa vinne vimelala. Sababu yake inajulikana: dawa ya maua ina sukari ya kulisha ua, kitu cha kuzuia bakteria, na tindikali ya kulisaidia shina kunywa. Tindikali hiyo inakula zinki iliyopakwa kwenye bati, na dawa inaharibika papo hapo. Ndoo za bati zinafaa ukiweka chombo kingine ndani. Nilikuwa tayari kufanya hivyo, ila mama alipoiona akasema inamkumbusha ndoo ya kuchotea maji alipokuwa anajenga nyumba. Sikumlaumu. Chombo kinachomkumbusha mwenye shughuli saruji na kokoto hakiwezi kuwekwa mbele ya wageni wake, hata kama kinafaa kwa mengine yote.

Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: nyumbani kwenu, maua mliweka kwenye nini?

Akafikiri. "Maua hatukuweka popote. Tulikuwa na vyungu. Bibi yangu alikuwa anapikia mbalaga, ndizi zetu za kupika, kwenye chungu cha Wakisi, mpaka leo harufu yake ninaisikia." Yeye ni Mnyakyusa wa Kyela. Akachukua simu akampigia mdogo wake.

Wasiovijua vyungu hivyo: Wakisi wanaishi kwenye ukingo wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, na kijiji cha Ikombe ndicho maarufu kwa ufinyanzi. Wafinyanzi ni kina mama. Hawatumii gurudumu, chungu kinazungushwa na kuinuliwa kwa mkono, na vyungu vinavukishwa kwa mtumbwi mpaka Matema kwenda gulioni. Ni vyepesi kuliko unavyotegemea, kuta nyembamba, tumbo la mviringo, mdomo uliopinda nje kidogo. Rangi ni ya udongo uliochomwa, na kila kimoja kina baka la moshi mahali pake.

Mama mdogo akaenda gulioni, akanunua vyungu 30, akavifunga kwenye majani makavu ya mgomba na kupanda navyo basi la Dar es Salaam. Viwili alivipakata safari nzima. Tulipovifungua sebuleni, 26 vilikuwa vizima. Alituonyesha namna ya kuvikagua: unakiinua kwa vidole vya mkono mmoja, unakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa, hata kama ufa huuoni.

"Hivi ndivyo binti yetu ataagwa navyo," alisema, na hakuwa anauliza.

Vipimo nilivichukua usiku uleule. Kimo sentimeta 19 hadi 21, tumbo sentimeta 24 hivi, mdomo wa ndani kama sentimeta 11. Vilitimiza masharti matatu kati ya manne. Uzito haukuwepo.

Na vilikuja na mambo mawili ambayo kioo hakina.

La kwanza, chungu hiki hakina kitako. Kimefinyangwa kukaa juu ya mafiga, tumbo lake la mviringo liukumbatie moto. Juu ya meza kinayumba kama yai. La pili ni lile linalofanya mtungi upoze maji. Udongo uliochomwa bila kupakwa ng'azi, ule utando unaong'aa kama kioo, una vitundu vidogo sana, maji yanapenya taratibu, yanatokea nje, yanafyonzwa na hewa, na kilichobaki ndani kinapoa. Kwa maji ya kunywa ni neema. Kwenye kitambaa cha satini cha kukodi ni balaa. Nilijaza chungu kimoja, nikakiweka juu ya kipande cha satini, nikalala. Asubuhi palikuwa na duara lenye unyevu, upana wa sahani, na ukingo wake ulikuwa na rangi ya udongo. Nimeufua ule ukingo mara mbili haujatoka.

Kuna wanaopaka nta au vanishi kwa ndani. Inazuia maji, lakini chungu kilichopakwa vanishi hakipikiwi tena, na hivi vilikuwa viende kwa watu baada ya sherehe. Sikutaka kuviharibu.

Jibu lilitoka kwenye chupa za maji za lita 1 na nusu, ambazo Dar es Salaam hazikosekani. Nilizikata kimo cha sentimeta 16, nikasimamisha moja katikati ya kila chungu, kisha nikamimina mchanga mkavu kuizunguka mpaka karibu na mdomo. Jambo moja likatatua matatu. Maji, kama nane ya kumi ya lita, yanakaa ndani ya plastiki na hayagusi udongo. Chupa inasimama wima bila gundi. Na mchanga, lita 2 na zaidi kwa kila chungu, ni kilo 3 zilizolala chini ya maua badala ya kuning'inia juu yake. Nilitumia mchanga wa kujengea, uliochekechwa na kuanikwa. Wa ufukweni sikuugusa, kwanza kwa sababu fukwe zetu zinaliwa kila mwaka, pili kwa sababu ya chumvi.

Kuhusu tumbo la mviringo, mama mdogo alitushangaa kwamba tunahangaika. Akachukua kanga, akaisokota, akaizungusha kuwa ngata, ile ile ya kubebea mtungi kichwani, akakiketisha chungu juu yake. Kikatulia. Familia ilikuwa imeshonesha sare ya kitenge, na kwa fundi cherehani kulikuwa na mfuko mzima wa vipande. Zikatoka ngata 24 za kitenge cha sare. Mtu akitazama meza anaona nguo ya dada na shangazi wa binti imeketi chini ya chungu. Katika kazi yote hiyo, hicho ndicho kipande ninachokipenda zaidi, na sikukibuni mimi.

Maua yalichaguliwa baada ya hapo, siku 6 kabla ya shughuli, na yalichaguliwa haraka kwa sababu chombo kilikuwa kimeshaamua karibu yote.

Rangi ilibadilika. Mweupe mkali na pinki ya baridi vilivyopendeza kwenye kioo vilikataana na udongo, vilionekana kama vimepotea njia. Tukachukua krimu, rangi ya embe bivu, na wekundu ulioiva. Kimo kilibadilika. Kanuni ya wapangaji maua inasema maua yapande juu ya chombo mara moja na nusu ya kimo cha chombo. Kwa chungu cha sentimeta 20 ni sentimeta 30 za maua, jumla 50, na tayari tumeziba nyuso. Kanuni hiyo ni nzuri kwa meza ya mapokezi au pembe ya sebule, mahali ambapo watu wanapita. Kwa meza ya kulia nimeiacha bila kuona haya: vichwa vya mawaridi vilipanda sentimeta 13 hadi 15 tu juu ya mdomo, vimebanana, na majani ya mkaratusi yakatoka pembeni ili tumbo la chungu lisionekane limevaa kofia.

Hesabu pia. Kwa tarumbeta nilikuwa nimepanga mashina 40 kwa meza, yaani 960. Mdomo wa chungu, baada ya chupa kuwekwa, ulijaa kwa mawaridi 18 na matawi machache. Meza 24 zilitaka 432, hata nusu haikufika. Na kwa kuwa mashina yangekatwa mafupi, sikuhitaji ya sentimeta 60, ambayo ndiyo ghali, maana waridi huuzwa kwa urefu wa shina. Nikaagiza Arusha ya sentimeta 40. Pesa iliyookolewa ilirudi kwa kamati na nadhani iliishia kwenye chakula.

Yalifika kwa basi la usiku, Alhamisi alfajiri. Boksi moja lilikuwa limesafiri chini ya mkungu wa ndizi zilizoanza kuiva, na mawaridi ya boksi hilo yalikuwa yamefunguka kuliko wenzake. Ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha ua kuzeeka. Kila ninapotuma mtu stendi namwambia aangalie mzigo umewekwa karibu na nini. Tulikata kila shina sentimeta 2 kwa mshazari, tukayazamisha kwenye ndoo za maji safi kivulini, tukayaacha yanywe mpaka jioni kabla ya kuyagusa tena.

Sponji hatukutumia. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, na kwa wapambaji wengi ilikuwa mkombozi, nami nimeitumia miaka mingi. Lakini haiozi, inasagika kuwa chembe za plastiki, na maji yake tunayamwaga mtaroni. Shirika la RHS la Uingereza, lenye maonyesho makubwa ya maua ya Chelsea, liliipiga marufuku kwenye maonyesho yake mwaka 2021. Ndani ya chupa iliyokatwa, miraba ya selotepu mdomoni inatosha kushika mashina 18, na waridi linalokunywa maji yenyewe lina nafuu kuliko lililochomwa kwenye sponji. Mwalimu wangu wa kwanza wa kazi hii alichomeka maua kwenye kipande cha gogo la mgomba, lenye maji yake ndani, na yalifika kanisani yakiwa mazima.

Meza kuu ilikuwa suala tofauti. Hakuna anayekaa ng'ambo yake, na kamera inatazama kutoka mbele, kwa hiyo kinachotakiwa ni upana mdogo kwenda nyuma na urefu mkubwa kwenda pembeni. Vyungu viwili vilivyobaki vilikaa ncha mbili. Katikati nilikuwa nimeacha pengo na sikujua la kulifanyia, mpaka saa kumi na mbili jioni alipofika shangazi wa bwana harusi kutoka Tanga na mfuko wa asumini, vitumba bado vimefumba.

Mwambao una ustadi wa maua usio na chombo. Asumini hutungwa, kikuba, kile kishada cha maua na majani ya harufu, hufungwa na kuvaliwa, ua la kilua linafichwa nguoni, kitanda cha bibi harusi kinamwagiwa maua. Ua hapo linachaguliwa kwa harufu, na chombo chake ni mwili wa mtu. Nilipomwuliza shangazi angependa asumini ziwekwe wapi, alinitazama kama swali lenyewe ni geni. "Karibu naye," akasema. Nikaomba sinia ya shaba, nikatia maji ya kimo cha kidole, nikazimwaga mbele ya kiti cha binti. Kufikia saa mbili zilikuwa zimefunguka, na harufu yake ikawafikia hata waliokaa meza za mbele.

Kusi halikupumzika siku ile. Ilipofika saa kumi jioni vitambaa vilianza kupepea, tukavibana kwa vibanio chini ya meza, na mimi nikawa natembea kutoka meza hadi meza nikiweka kiganja juu ya kila chungu. Hakuna kilichosogea. Nilikuwa nimepanga kuongeza maji saa moja kabla ya wageni, nikapita na jagi, na vyungu vingi vilitaka glasi nusu tu.

Kioo hakikukosekana kabisa. Mama alikuwa amekipenda tangu mwanzo na sikuona sababu ya kumnyima. Silinda mbili kubwa zilijazwa maji ya kununua na kusimamishwa chini, mlangoni, nyuma ya ukuta unaokinga upepo, kila moja na matawi marefu machache. Wageni walipita kati yake. Waliona maua kwanza, kama alivyotaka.

Ndani, kilichonigusa ni mikono. Kwenye sherehe za vasi ndefu watu hawagusi kitu cha katikati, wanakikwepa. Hapa mzee mmoja wa meza namba 9, kabla hata hajakaa vizuri, alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Akamwambia kitu mkewe kwa Kinyakyusa. Mkewe naye akagonga.

Saa saba usiku MC alitangaza kwamba kila meza impe chungu mkubwa wake wa umri. Tulisimama na mama mdogo kwenye lango, tukiwamwagia mchanga kwenye toroli, tunawafungia maua kwenye gazeti, tunawakabidhi chungu na ngata yake. Aliwasisitizia kila mmoja kwamba kabla ya kukipikia wakipike kwanza na maji ya unga, kiivishwe, ndipo kitiwe mboga. Wengine walirudi kuuliza mara ya pili.

Kimoja kati ya vile viwili vya meza kuu kiko kwangu. Cha pili alikichukua mama wa binti, na wiki tatu baadaye alinitumia picha: mafiga matatu uani, moto wa kuni, chungu kimeshika masizi mpaka shingoni, na ndizi zinachemka.